Kiwanja Kilichofagiliwa kwa Ajili Yetu

Arobaini ya Sikudhani tuliisoma Mafiga, nyumbani kwa mwanawe wa kwanza. Baada ya hitima, sinia zilipokuwa zinaondolewa, mjukuu wake mmoja ambaye ni mwalimu wa shule alikuja kukaa karibu yangu na daftari mkononi. Anaandika historia ya Kihonda. Aliniamkia vizuri, akaniuliza kama nina habari za kile kiwanja cha zamani cha ndege za vita. "Nimesoma, bibi, kwamba wahandisi wa Kiingereza walipima ardhi yote ya huku ndipo wakakichagua," aliniambia. "Kikosi kimoja kikakaa, kikaondoka, kikaja kingine." Nilimjibu kwamba mimi wakati huo nilikuwa mtoto, sikumbuki kitu. Sikupenda kumdanganya kijana siku ya arobaini ya bibi yake, lakini watu walikuwa wengi, na mimi jambo hili sijawahi kulisema mbele ya mtu hata mmoja. Wahandisi hawakupima chochote. Kiwanja walikikuta. Kilifagiliwa kwa ajili yangu mimi na Sikudhani, tucheze ngoma ya kutoka ndani, na kwa sababu ya ufagio huo mjomba wangu alifungwa kamba shingoni. Nimerudi nyumbani, nimekaa wiki nzima sina usingizi, basi leo nimeamua kuandika.

Ukoo wangu sitaueleza. Wenye kuujua wanaujua, na wasioujua hautawasaidia. Naanzia chumbani. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa utawala wa Wadachi hapa Morogoro, ingawa sisi hatukujua kwamba ni wa mwisho. Mimi na Sikudhani, mtoto wa mama yangu mkubwa, tulivunja ungo tukipishana siku chache tu, tukaingizwa ndani pamoja mvua za vuli zilipoanza. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, mzaa mama zetu. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, mkeka, mtungi wa maji, na dari ya fito iliyokuwa na mahindi juu yake. Mahindi yale yalitunyeshea vumbi muda wote. Hakukuwa na dirisha. Ukutani palikuwa na ufa mwembamba ambapo udongo ulikuwa umeachana na mti, na mimi kwa kuwa nililala upande huo niliufanya kuwa wangu. Sikudhani alilala upande wa ndani. Tulifundishwa kutembea tumeinama, kutosema kwa sauti, kutotazama watu usoni. Mwanamke akituita kutoka nje tulimjibu kwa kupiga makofi mara mbili. Mwanamume akiita, hata awe nani, kimya. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mwali aliyemwitikia mwanamume kabla ya kutolewa, kungwi wetu Bi Chausiku alisema, amejiharibia uzazi na ameutia ukoo aibu ambayo haina maji ya kuioshea.

Bi Chausiku hakuwa mtu wa kusema tu akaondoka. Alikuwa na desturi ya kutujaribu, kama makungwi wote wa kwetu walivyofanya. Siku moja, tukiwa tumekaa tunasuka ukili, tulisikia sauti ya mwanamume nje ya ukuta ikiita kwa haraka: "Sikudhani! Sikudhani! Mama yako kaumwa na nyoka!" Sikudhani aliruka, akaitika, "Yuko wapi?" Basi. Yule alikuwa jirani yetu tu, aliyetumwa na kungwi. Bi Chausiku aliingia akiwa ametulia kabisa, akatufinya mapaja wote wawili, mimi kwa kosa la kutomziba mwenzangu mdomo. Siku tatu tulikula ugali wa mhogo mkavu bila mboga, nyumba nzima ikinukia kunde. Kisha ikatoka hukumu yenyewe: siku yetu ya kutoka ndani, iliyopangwa iwe mara baada ya mavuno, itasogezwa mwezi mmoja mbele. Nililia mpaka kwikwi zikanishika. Sikudhani aliniomba radhi, nami sikumjibu siku nne. Chumba kile kilikuwa na hatua tano kwa nne, nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu kingine maishani, na kumnunia mtu ndani ya hatua tano kwa nne si kazi ndogo.

Kwa hiyo vita yetu tuliisikia kwa masikio. Wapagazi waliokamatwa, mahindi yaliyochukuliwa ghalani mwa watu, askari waliopita wakiwa hawana viatu, yote hayo yalitufikia kupitia ukuta, yakiwa yamechanganyika na mlio wa mchi na kuku. Mwezi ule wa nyongeza ndipo zilipoanza ndege. Watu waliziita ndege Ulaya. Kwanza ilikuwa ngurumo ya mbali, ambayo Sikudhani aliidhania ni nyuki wameingia darini. Halafu wanawake walianza kukimbia uani, mtungi ukavunjika, Bibi akasikika akisema, "Msikimbie, mnaiita." Mara kishindo upande wa stesheni, kimoja, kingine, na vumbi la mahindi likatumwagikia kichwani. Tulishikana. Hakuna aliyekuja kutufungulia, na sisi hatukuthubutu kuomba. Tangu siku hiyo kila asubuhi niliamka nikisikiliza. Nilikula nikisikiliza, mkono ukiwa umesimama kati ya bakuli na mdomo, na nilikuja kuijua hofu ya mtu anayesikia kitu kinamjia asiweze kukiona kiko upande gani.

Mjomba wetu Kobelo, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi, ndiye aliyekuwa jumbe wa vijumba vyetu, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mtu wa heshima tu. Mimi nilipewa jina la mama yake Bibi, basi yeye hakuwahi kuniita Tatu. Aliniita "bibi yangu," tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Alikuja jioni moja kabla jua halijazama, akakaa barazani kwa mama yake, hatua tatu kutoka kwenye ufa wangu. "Shikamoo, mama," alisema, kisha akaanza kumweleza. Akida alikuwa amewaita majumbe wote mjini. Amri ya Wadachi ni kwamba kila mahali palipo wazi na tambarare pachimbwe mashimo na kusimikwa vigingi, ndege za adui zisipate pa kushuka. Jumbe atakayeonekana ameacha kiwanja kitupu atahesabiwa ni mtu wa Waingereza.

"Na kile cha watoto?" Bibi aliuliza.

Watoto tulikuwa sisi. Kiwanja chetu cha ngoma kilikuwa bondeni, Kihonda, kwenye shamba la ukoo. Wanawake walikuwa wamekikwatua tangu masika, wakang'oa visiki, wakakishindilia kwa udongo wa kichuguu na kukifagia kila siku ya tatu, kwa sababu kwetu kiwanja kilichokwisha kufagiliwa kwa mwali hakiachwi kiote jani na hakiguswi na jembe mpaka mwali achezwe juu yake.

"Na hicho pia, mama."

"Hakichimbwi."

"Mama, hawa watu wananyonga."

"Najua wananyonga. Zimebaki siku kumi na mbili, Kobelo. Wamekaa ndani mvua mbili. Ukitia jembe pale utakuwa umewazika wasichana wako ukiwaona."

Nilimsikia mjomba anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Haya. Tutachimba kandokando. Katikati tutaanika makopa, atakayeuliza ataambiwa ni uanikaji wa mihogo. Wakishacheza, siku ya pili yake nakichimba mwenyewe." Sikudhani alinibana mkono kwa furaha, na mimi nilifurahi pia, siwezi kusema uongo. Nilimwomba Mungu aziweke siku kumi na mbili zile salama, sikumwomba zaidi ya hapo.

Kosa lilikuwa katika makopa. Mihogo iliyomenywa ikikauka juani huwa myeupe pepe, na ya unga wa ngoma ya wasichana wawili ni mingi. Waliianika kwenye mikeka, safu kwa safu, katikati ya kiwanja kilichofagiliwa mpaka kikang'aa. Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri jinsi kitu kinavyoonekana kutoka juu. Nani angefikiri? Siku ya saba kabla ya ngoma, ngurumo ilikuja asubuhi, ikakatikakatika, ikawa kama mtu anayekohoa, kisha ikazimika. Baadaye Bi Chausiku alirudi mbio kutoka bondeni, akaangukia kizingitini kwetu akihema, akasahau kwamba hatakiwi kuongea nasi habari za nje. Ndege imeshuka. Imeshuka juu ya kiwanja, ikapita katikati ya mikeka na kurusha makopa kila upande. Walikuwamo Wazungu wawili. Mmoja alifungua ubavu wa ndege akaanza kugongagonga, na mwingine, kijana mwenye kofia ya ngozi, aliokota kipande cha kopa, akakinusa, akakitia mfukoni. Kisha wakaizungusha pangaboi kwa mikono, ikanguruma, ikakimbia juu ya udongo wetu wa kichuguu na kupaa kuelekea kaskazini. "Wamekipenda," Bi Chausiku alisema, akaanza kulia. "Mmoja alikuwa anakikanyagakanyaga kwa mguu huku anatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayenunua shamba."

Kabla ya adhuhuri akida alikuwa na habari, na mjomba alikamatwa saa hiyo hiyo. Walisema ametandika alama nyeupe kuwaita adui. Usiulize nyumba ilikuwaje. Bibi hakulia, aliwakusanya wanawake wote kulipopambazuka, akawaambia wachukue majembe waende bondeni. Kiwanja kichimbwe chote, vigingi visimikwe, ili Mdachi akija aone amri imetimizwa na mwanawe apate pa kusemea. Yeye mwenyewe aliyekataa jembe lisiguse pale ndiye aliyetangulia na jembe begani. Mama zetu wakaenda, Bi Chausiku akaenda. Kabla ya kuondoka Bibi alikuja mlangoni kwetu. "Mnabaki peke yenu. Akija mtu, nyamazeni. Akiwaita, nyamazeni." Akatufungia kwa nje kwa kigingi cha mlango. Mtungini mlikuwa na maji, na chini ya kawa kulikuwa na viazi vya kuchemsha ambavyo hatukuvigusa.

Jua lilikuwa limeshapanda niliposikia nyayo za viatu. Niliweka jicho kwenye ufa. Niliona kwanza askari, mtu mzima mwenye ndevu, bunduki begani. Nyuma yake alikuwa mjomba. Mikono yake ilikuwa imefungwa mgongoni, na kamba ilitoka shingoni mwake mpaka mkononi mwa askari. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba jicho likafumba. Huko barabarani, chini ya kilima, niliona kofia ya Mzungu aliyekaa juu ya nyumbu wa kupandwa akisubiri.

"Nyumba ndiyo hii," mjomba alisema. "Wamo ndani, wawili. Kiwanja ni chao, makopa ni yao. Fungua, uone."

Askari aliutazama mlango kwa muda. "Jumbe, mimi siingii," alisema. Alikuwa mtu wa bara, nilijua kwa matamshi yake, lakini hakusema kwa ukali. "Kwetu pia mambo haya yapo. Nikikuta ni kweli, nitakuwa nimeingia chumbani kwa mwali. Waite. Nikisikia sauti ya mtoto wa kike, nitamwambia bwana mkubwa nimewaona kwa macho yangu, na mimi ndiye anayeniamini."

"Hawaitiki wanaume."

"Wewe ni mjomba wao."

Mjomba alisogea mpaka ukutani. Alisimama karibu na ufa kiasi kwamba sikuona tena uso wake, niliona kifua tu na ile kamba. "Bibi yangu," aliita taratibu. "Bibi yangu, ni mimi. Niitikie. Hata ukikohoa."

Sikudhani, aliyekuwa amejikunja kitandani na haoni kitu, alijiinua. Nilimwona anavuta pumzi na mdomo unafunguka. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja changu, nikamkandamiza kichwa kwenye ukuta. Nimejiuliza miaka yote hii nilifikiri nini. Watu wangependa niseme nilifikiri ni jaribio la kungwi. Hapana. Kamba niliiona. Niliuona mkono wa askari unaishika. Nilichofikiri ni kwamba zimebaki siku sita, na kwamba tukiitika tutaongezewa mwezi mwingine ndani ya chumba kile, na mahindi yatatunyeshea vumbi, na ngurumo zitakuja kila asubuhi. Nilifikiri pia kwamba mjomba ni mtu mkubwa, atajua la kufanya, watu wakubwa huwa wanajua. Hayo mawili tu. Yalitosha.

"Bibi yangu," mjomba aliita tena. Baadaye akaita, "Sikudhani." Tukasikia askari anavuta pumzi kwa pua. "Hamna mtu humo, jumbe," alisema, na nadhani alisikitika kweli. Nyayo zikashuka kilima. Mjomba hakuita mara ya nne.

Bibi alirudi alasiri, mikono imepasuka malengelenge. Jirani mmoja alikuwa amewaona askari na mjomba, akamweleza yote. Alifungua mlango, akaingia, akakaa juu ya mkeka pamoja nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Alikuja?" aliuliza. Nikasema alikuja. "Akawaita?" Nikasema aliita. "Na ninyi?" Sikudhani alikuwa anatazama miguu yake. Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti ndogo ya mwali mwema: "Tulidhani ni jaribio, bibi. Tulinyamaza kama mlivyotufundisha." Alinitazama, akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu, kisha akasema, "Mmefundishwa mkafundishika," na akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja. Sijasikia tena kishindo kama kile, hata cha bomu.

Ngoma haikuchezwa. Siku chache baadaye Wadachi waliuacha mji na kupanda milimani, na mjomba aliondoka nao akiwa na mzigo kichwani, amefungwa pamoja na wapagazi wengine. Mtu wa Mgeta, huko milimani, alimwona akiwa hai, na baada ya hapo hakuna aliyemwona. Waingereza walipoingia, Bibi alikuja kutufungulia mwenyewe, akasema, "Tokeni," basi. Hakuna kanga mpya, hakuna shanga, hakuna aliyetupigia vigelegele. Niliumia macho kwa jua. Haikupita wiki, wale Wazungu wawili wakarudi na wenzao kukitafuta kiwanja walichokipenda, wakakikuta kina mashimo na vigingi, wakawakusanya wanawake wa vijiji vyote kukifukia. Bibi alifukia mashimo aliyoyachimba kwa mkono wake. Nilikuwa karibu yake na karai la udongo. Wakajenga mabanda ya miti na turubai, wakasimamisha mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na ndege zikakaa pale zimejipanga, mabawa mawili mawili, zikinuka mafuta ya nyonyo. Kikosi cha kwanza kilikuwa na vijana waliokuwa wakianguka kwa homa kila siku. Kikaondoka, kikaja kingine kilichokuwa na ndege nyingi zaidi, nacho kikaondoka vita iliposogea kusini. Hayo ndiyo mwalimu wetu anayoyataka kwenye daftari lake, na nitampa. Nitamwambia pia kwamba kila ndege ilipopaa kwenda milimani kuwatafuta Wadachi, Bibi alisimama ukingoni akaitazama mpaka ipotee, kwa kuwa mwanawe alikuwa huko chini, kati ya hao wanaotafutwa.

Bibi aliishi miaka sita baada ya hapo. Alimfukuza Bi Chausiku, akakataza wasichana wa nyumba yake wasiingizwe ndani tena. Nilimsikia mara nyingi akiwaambia wageni, bila kulia, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Mwanangu nilimuua mimi, kwa mafunzo." Nilikuwa nampikia. Nilikuwa namwogesha mwishoni. Kila siku nilijiambia kesho nitamwambia ukweli.

Sikudhani na mimi hatukuwahi kulitaja, miaka na miaka, tukazaa, tukaolewa tena, tukazeeka. Siku tatu kabla hajafariki nilikwenda kumtazama Mafiga. Mkwewe alikuwa nje anachambua mchele. Sikudhani aliniashiria nisogee. "Siku ile," alisema, "mimi ndiye niliyedhani ni jaribio. Nilitaka kuitika hivyo hivyo, kwa ubishi, nimkomoe Chausiku. Ulipoweka mkono wako mdomoni mwangu ulikuwa unatetemeka. Ndipo nilipojua ni mjomba kweli." Alipumzika kidogo. "Ningeweza kukuuma, Tatu. Meno nilikuwa nayo. Sikukuuma, kwa sababu na mimi sikutaka mwezi mwingine. Nimeishi na hilo. Nisamehe, nilikuacha ulibebe peke yako."

Nilitaka kumwambia habari ya kamba. Yeye hakuiona, hakujua kwamba mimi nilikuwa nimeiona. Lakini aliponiomba radhi hivyo, amenishika mkono, nilisikia raha, raha kabisa, ya mtu aliyepata mwenzake wa kugawana naye mzigo, na raha hiyo ikanifunga mdomo. Nilimwambia, "Nimekusamehe." Akafumba macho. Bibi alikufa akiamini ni mafunzo yake yaliyomuua mjomba, na Sikudhani amekufa akiwa amesamehewa kosa ambalo halikuwa lake.